Maji ya Pamba

Mtu yeyote anayetaka kuigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ana swali moja la kujibu kabla hajatafuta hata mwigizaji mmoja: maji atayatoa wapi?

Tamthilia hiyo, iliyochapishwa 1969, imesimama juu ya maji. Kinjeketile, mganga wa Ngarambe kusini mwa Tanzania ya leo, anavutwa na nguvu asiyoiweza, anazama mtoni, watu wanajua amekwisha, halafu anatoka mzima akiwa na ujumbe wa kuunganisha makabila dhidi ya Wajerumani. Hussein mwenyewe alionya kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si yule wa historia. Lakini yule wa historia naye alikuwa na kisa cha ajabu. Wazee waliohojiwa miaka ya 1960 walisimulia kwamba mganga huyo aliteleza kwa tumbo, mikono imenyooka mbele, mpaka akaingia majini. Na alipotoka kesho yake, nguo zake zilikuwa kavu.

Kavu. Hapo ndipo kila mtu anayejenga jukwaa hushika kichwa. Ukiweka maji ya kweli, karai, tangi, hata kidimbwi cha nailoni, mwigizaji atatoka analoa na muujiza utakuwa umekufia hapo hapo. Usipoweka maji yoyote, ukamwacha aanguke nyuma ya pazia, hadhira itasadiki tu kwa sababu wahusika wengine wanasema ni kweli. Hiyo ndiyo njia niliyozoea kuona. Mtu anapiga kelele kando, mwingine anasema "Ameingia mtoni!", na sisi tunaitikia kwa adabu, kama wageni walioambiwa chakula kiko njiani.

Mwaka huu nimeona jibu tofauti. Ilikuwa ni kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesomea uhandisi wa mitambo katika chuo kimoja hapa Nairobi. Chuo sitakitaja. Yeye pia aliniomba nisimtaje, kwa sababu bado ana miaka yake huko na ana mambo ya kulalamikia, ambayo nitayafikia. Nitamwita Mbunifu. Tamthilia iliigizwa usiku tatu katika ukumbi ambao mchana ni wa mitihani: jukwaa bapa la saruji, hakuna nafasi juu ya kuvutia mapazia, soketi mbili za umeme, na mlango mmoja wa nyuma unaofunguka kwa nje. Nilienda usiku wa pili nikarudi wa tatu, kwa pesa yangu.

Hivi ndivyo alivyoutengeneza mto.

Shuka za mitumba kutoka Gikomba, buluu na kijani kilichopauka, zilishonwa kwa mashine mpaka zikawa vipande viwili virefu vya kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine. Kimoja mbele, kimoja nyuma. Watu wanne walishika ncha, wawili kila upande, na hawakujificha. Walikuwa wamevaa kaniki kama wanakijiji wengine, nasi tuliwaona waziwazi. Vipande hivyo vilitikiswa kwa kupishana: cha mbele kikipanda, cha nyuma kinashuka. Kitambaa kimoja ukikitikisa kitabaki kitambaa. Viwili vikipishana, jicho linashindwa kushika ukingo, na hapo akili inaamua kwamba ni maji. Katikati ya kile cha nyuma kulikuwa na mpasuo ambao huwezi kuuona kama hujaambiwa.

Sasa kuteleza. Unakijua kile kibao chenye magurudumu madogo ambacho mafundi wa magari hulalia wakiingia chini ya matatu? Mbunifu alikiazima gereji, akakipaka rangi ya sakafu ya jukwaa, akakifunga kamba iliyopita kwenye kapi upande wa kushoto. Kinjeketile anatoka nyumbani kwake akitetemeka, anaanguka kifudifudi, mikono mbele, na anaanza kwenda. Hatembei, hatambai. Anakwenda tu, kama kitu kinachovutwa na shimo. Kamba ya pili iliyopita kwenye boriti ya paa inainua kipande cha mbele katikati, kinakuwa wimbi, wimbi linamfunika, na mtu hayupo. Kumbe kipande cha nyuma kilikuwa kimepita juu ya meza za chakula zilizoondolewa miguu nusu na kupangwa kama jukwaa la pili. Mwigizaji anabingirika chini yake na kulala hapo akisubiri.

Halafu kitu ambacho mwelekezi mwoga angekikata: kungoja. Wanakijiji wanakaa. Taa inafifia mpaka rangi ya usiku. Mto hausimami, unapungua mwendo tu, unapumua. Simu ya mtu ililia mistari miwili nyuma yangu na ikazimwa kwa aibu. Taa inarudi polepole, rangi ya asubuhi, na Kinjeketile anachomoza katikati ya kitambaa, kwenye mpasuo, kichwa kwanza, kifua, kiuno. Bila tone.

Jamaa mmoja pembeni alisema, bila kujijua, "Ako kavu!" Watu wakacheka kidogo. Halafu wakanyamaza, na kile kimya hakikuwa cha adabu.

Nimekuwa nikikifikiria kimya hicho tangu siku hiyo. Jamaa alikuwa anajua kabisa kwamba hakuna maji pale. Aliona shuka, aliona mikono, pengine hata alikuwa na shuka ya rangi hiyo kitandani kwake. Mwigizaji kuwa mkavu halikuwa jambo la kushangaza hata kidogo; kulowa ndiko kungekuwa ajabu. Lakini kwa dakika kama nne Mbunifu alikuwa ametufanya tukubali kwamba ile ni maji, na baada ya kukubali, ukavu ule ukawa muujiza. Yaani alichukua upungufu wa vifaa vyake, ukweli kwamba shuka hailowi mtu, akaufanya ndio mwujiza wenyewe. Huo ni usomaji wa matini. Ningeuita mojawapo ya usomaji bora wa Kinjeketile niliokutana nao, na umeandikwa kwa kamba.

Nasema usomaji makusudi, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba kusoma tamthilia ni kazi ya mdomo na kalamu. Dondoo, muktadha, sifa za wahusika, mbinu mbili za lugha. Maelekezo ya jukwaani yale yaliyo kwenye mabano tuliyaruka ili tufike kwa mazungumzo. Matokeo yake ni kwamba tunazisoma tamthilia kama riwaya zenye koloni baada ya majina. Na hatuko peke yetu. Aristotle alipoorodhesha sehemu sita za tanzia, kile kinachoonekana kwa macho alikiweka mwisho, akasema kinahusu zaidi fundi wa vifaa kuliko mtunzi. Zaidi ya miaka elfu mbili baadaye wahakiki bado wanaandika hivyo: aya sita za maudhui, aya mbili za uigizaji, na mwishoni "jukwaa lilipendeza."

Halikupendeza. Lilifikiri.

Na kuna jambo ambalo lilinipiga usiku wa tatu tu, nilipokuwa nimekaa karibu zaidi. Shuka zile ni za pamba. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, viliwashwa na mambo mengi, lakini jina la kwanza kwenye orodha ni pamba: watu kulazimishwa kulima mashamba ya mzungu huku yao yanaota magugu. Hata tamthilia inafungua na wanawake wanaoongea njaa. Mashujaa wa kwanza wa vita hivyo, kule Umatumbi, walianza kwa kung'oa mipamba. Na hapa, zaidi ya karne moja baadaye, mwanafunzi wa Nairobi anatengeneza yale maji ya ukombozi kwa pamba ile ile, iliyovaliwa ng'ambo, ikachoka, ikarudi kwetu kwa robota. Nilimuuliza kama alipanga hivyo. Akasema alichagua pamba kwa sababu ni nzito kidogo na haipigi kelele ikitikiswa. Poliesta inachacharika kama karatasi ya chipsi. Jibu la fundi. Kwangu halipunguzi kitu. Fundi mzuri akifuata mahitaji ya kazi kwa uaminifu, maana mara nyingi humfuata nyuma.

Hapa ndipo niseme kilichoharibika, kwa sababu kiliharibika, na sitaki kumsifu mtu kwa huruma eti kwa kuwa ni mwanafunzi.

Sehemu ya pili ina vita. Wapiganaji waliojipaka maji wanashambulia boma la Wajerumani, wakiamini risasi zitageuka maji, na bunduki za rashasha zinawafyeka. Kwa sehemu hii Mbunifu alitoka kwenye kamba akaingia kwenye umeme. Kulikuwa na mashine ya moshi ya kukodi. Kulikuwa na taa za kumetameta kama za klabu. Kulikuwa na sauti ya rashasha kutoka spika mbili kubwa kuliko ukumbi. Na kulikuwa na ukuta wa boma wenyewe, plaiwudi iliyopakwa rangi ya jiwe, juu ya magurudumu, uliotakiwa kusogea mbele polepole huku wapiganaji wakianguka, mpaka ufike ukingoni mwa jukwaa na kutuangalia sisi.

Usiku wa pili gurudumu moja lilinasa kwenye ufa wa sakafu. Boma likasimama limepinda. Vijana wawili wakatoka mbio wameinama, kana kwamba kuinama kunamfanya mtu asionekane, wakasukuma. Ukumbi ukacheka. Miili ya wapiganaji imelala pale, na ukumbi unacheka.

Usiku wa tatu gurudumu halikunasa. Boma lilifika mbele vizuri kabisa. Na bado onyesho lilikuwa limekufa, ndiyo maana nasema tatizo halikuwa gurudumu.

Nilimuuliza alikuwa na nia gani, na nia yake ilikuwa nzuri sana, nzuri kuliko matokeo: alitaka maji yafanywe na watu, risasi zifanywe na mashine. Mikono upande mmoja, swichi upande mwingine. Huo ndio ukoloni kwa sentensi moja na ningependa kuwa ndiye niliyeutamka. Lakini jukwaani, mashine ina tabia moja ambayo hakuihesabu: inavutia. Moshi ulipotoka, mistari ya mbele walisema "waaah." Simu zikatoka. Mto haukurekodiwa na mtu yeyote niliyemwona. Rashasha ilirekodiwa na nusu ya ukumbi. Kwa dakika mbili tulikuwa tunashangilia bunduki ya Mjerumani. Naamini hakuna aliyeenda pale na nia hiyo.

Tofauti iko kwenye mkono. Wale wanne waliotikisa mto walikuwa wazi tangu mwanzo, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuwafumania nacho. Hata mmoja alipoachilia ncha kwa bahati mbaya usiku wa tatu, aliinama akaiokota, mto ukakunjamana ukajinyoosha, na hakuna aliyecheka. Maji hukunjamana. Lakini boma lilituomba tuamini kwamba linatembea lenyewe. Likishindwa mara moja, tunamwona mchawi na kamba zake, na hatumrudii.

Hii si siri mpya. Wagiriki walikuwa na mtambo wa kuinua miungu juu ya jukwaa, na wachekeshaji wao wenyewe waliufanyia mzaha. Mwaka 1613 jumba la Globe, London, ambako tamthilia za Shakespeare ziliigizwa, liliungua lote kwa sababu mzinga uliofyatuliwa kuongeza shamrashamra katika Henry VIII ulirusha cheche kwenye paa la nyasi. Upande wa pili, The Lion King ilipofika Broadway mwaka 1997 ikiwa na pesa ambazo wewe na mimi hatutaziona, mwelekezi wake Julie Taymor alionyesha ukame kwa duara la hariri ya buluu linalovutwa polepole ndani ya tundu la sakafuni. Ziwa linakauka mbele ya macho yako na unajua kabisa ni kitambaa. Farasi wa War Horse, waliotengenezwa na kampuni ya Handspring ya Cape Town na kuonyeshwa London kuanzia 2007, wanaendeshwa na watu unaowaona miguu. Baada ya dakika tano huwaoni tena, unaona farasi. Kwa hiyo mto wa shuka haukuwa njia ya maskini iliyovumiliwa kwa kukosa pesa. Ni njia ambayo wenye pesa pia huichagua wakitaka tuamini.

Kwa hoja yangu kuhusu sehemu ya pili, suluhisho lilikuwa limekunjwa nyuma ya pazia. Baada ya onyesho la mtoni, shuka ziliondolewa ili kupisha boma, hazikurudi tena. Mbunifu alisema ni nafasi tu, jukwaa halikutosha. Naelewa. Lakini fikiria mwisho wa tamthilia hii. Kinjeketile ametekwa. Anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Na yeye mwenyewe ana shaka nayo tangu zamani. Alishagundua kwamba ule ujumbe wake wa kuwa watoto wa Seyyid Said ungewatoa watu mkononi mwa bwana mmoja na kuwaweka kwa mwingine. Bado anakataa kuyakana, kwa sababu akiyakana, vizazi vitaambiwa kwamba waliopigana walipigania uongo. Neno limezaliwa, halirudi tumboni.

Onyesho hilo ni swali moja tu: kitu kinachofanya kazi kwa sababu watu wanakiamini, je, ni uongo? Na sisi tuliokaa pale ni mashahidi wa swali hilo kuliko hadhira yoyote, kwa sababu saa moja iliyopita tuliamini shuka. Sisi wenyewe tulisema "ako kavu." Kama ile shuka ingekuwa imelala pale jukwaani, chini, chafu, imekanyagwa na wapiganaji, Kinjeketile amefungwa juu yake, tusingehitaji maelezo. Tungeangalia kitambaa na kujiuliza kama tulidanganywa. Badala yake alisema maneno yake mbele ya boma la plaiwudi, moshi ukiwa bado unatoka kwenye mlango mmoja usiotosha, na maneno mengine hayakusikika kwa kikohozi. Mbunifu alikuwa na taswira kuu ya tamthilia nzima mkononi akaikunja. Huo ndio uhakiki wangu na nimemwambia hivyo uso kwa uso. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ningezipitisha chini ya boma. Zingepita." Akaanza kuchora kwenye risiti.

Sasa malalamiko.

Kijitabu cha onyesho kilikuwa na kurasa nne. Kilitaja mwelekezi, msaidizi wake, mlezi wa chama cha drama, waigizaji wote hadi Mwanakijiji wa Tano, aliyeshona maleba, mshereheshaji, na aliyeleta soda. Jukwaa liliandikwa "Kamati." Mto, kibao, boriti, mpasuo, wiki sita za kupima na kukata baada ya masomo: Kamati. Kwenye idara yake ya uhandisi, kazi hiyo haikuhesabiwa popote, ingawa alikuwa amechora kila kapi kwa vipimo na kukokotoa uzito ambao boriti ingebeba ili isimwangukie mtu. Kwenye idara ya fasihi haikuhesabiwa pia, kwa sababu yeye si mwanafunzi wao. Ameangukia kwenye ufa ule ule ulionasa gurudumu la boma.

Mimi nilitoka chuo bila karatasi, kwa hiyo sina imani kubwa kwamba alama ndizo kipimo cha kazi. Lakini jina si alama. Jina ndilo linalomwezesha mtu mwingine kukutafuta akupe kazi ya pili. Mwigizaji aliyekuwa Kinjeketile, na alikuwa mzuri, tayari ameitwa majaribio mahali pengine. Aliyemwezesha kuteleza majini hajaitwa na mtu, maana nani angemwita? Kamati?

Yeyote aliyepita kwenye tamasha la drama la shule anaijua hali hii. Unakumbuka mtoto aliyekesha na brashi akipaka jua juu ya katoni, akakaa nyuma akishika kamba ya mawingu muda wote, na picha ya tuzo ikapigwa bila yeye. Siku hizi shule zenye uwezo hulipa mafundi kutoka nje walete seti iliyokamilika kwa lori. Seti zinang'aa. Mwanafunzi hashiki hata nyundo. Tunalea kizazi cha waigizaji wasio na wajenzi, halafu tunashangaa kwa nini kila tamthilia mjini ina kochi moja, mlango mmoja na meza ya kahawa.

Na tusijidanganye kwamba jukwaa ni jambo dogo. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walijenga ukumbi wa wazi wa watu zaidi ya 2,000 kwa ajili ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi ukumbi huo ulivyobuniwa: vijana wa hapo walitengeneza kwanza mfano mdogo kwa njiti za kiberiti, kisha wakajenga ule mkubwa kwa kuufuata. Njiti za kiberiti. Serikali ilifuta kibali cha onyesho mwezi Novemba mwaka huo huo, na mwisho wa mwaka mwandishi akawekwa kizuizini. Lakini mwaka 1982 polisi walirudi, na safari hii hawakuja kwa ajili ya kitabu. Walibomoa jukwaa. Waliopewa amri ile walielewa kitu ambacho wahakiki wetu hawajakielewa: maneno unaweza kuyapiga marufuku na yakabaki vichwani, ila mahali ambapo watu walijifunza kujenga kwa mikono yao ni hatari zaidi.

Wasichana wa Butere walilijua hili Aprili 2025 kule Nakuru. Mahakama ilikuwa imeruhusu Echoes of War iigizwe. Polisi wakatawanya umma kwa vitoa machozi. Wasichana wakaingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Script walikuwa nayo kichwani yote. Wangeweza kuisema neno kwa neno. Waliamua kwamba kusema maneno peke yake, bila watu wa kuyapokea, si tamthilia.

Jina la Ngũgĩ tunalijua. Majina ya vijana wa njiti za kiberiti wengi wetu hatuyajui, na mimi ni mmoja wao. Sidhani kuna mtu aliyekusudia kuwasahau. Kijitabu kiliandika Kamati, basi.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo, na ni cha bure. Wewe unayeongoza chama cha drama, andika jina la aliyejenga kwenye ukurasa ule ule wa aliyeigiza. Wewe mwalimu wa uhandisi, ukiletewa mchoro wa kapi za mto wa shuka, usahihishe kama mchoro wa kapi, maana ndivyo ulivyo. Na sisi tunaoandika kuhusu maonyesho, tuache "jukwaa lilipendeza." Tuseme nini kilisogea, kilisogezwa na nani, na kilifanya nini kwa maana ya maneno. Na kikishindwa tuseme kilishindwa vipi, kwa sababu fundi asiyekosolewa hajachukuliwa kama msanii bado.

Shuka zilifuliwa zikagawanywa kwa walioshika ncha. Mbili ziko hosteli zinalaliwa. Kibao kilirudi gereji na bado kina rangi ya sakafu upande mmoja. Mfano mdogo wa jukwaa, wa katoni na uzi, uko ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda cha Mbunifu, na michoro yote iko kwenye simu ambayo kioo chake kimepasuka pembeni. Nimemwambia aitume mahali pengine kabla simu haijazimika. Amesema ataituma mwisho wa mwezi, akipata bando.